Mkwe Kaegemea Ukuta

"Mama, vidole vyako havina kitu."

Karani wa viza aliyasema hayo kwa sauti ya mnadani, ukumbi mzima ukageuka kuniangalia kama nimekutwa na mali ya wizi. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kile kioo cha mashine ya kuchukua alama. Taa ikawaka nyekundu. Akanipa karatasi laini nifute, nikafuta, ikawaka nyekundu. Akaniambia nibonyeze kwa nguvu. Nikabonyeza mpaka akaniomba nisimvunjie mashine. Nyekundu vilevile.

"Havina kitu kivipi? Si hivi hapa?"

"Mistari, mama. Mistari imefutika. Kwani unafanya kazi gani?"

"Natengeneza miguu."

Akaniangalia miguuni. Watu wote hufanya hivyo, sijui huwa wanategemea kuona nini.

Basi nikamweleza. Mimi ni fundi wa miguu ya bandia. Mtu akikatwa mguu, kidonda kikipona, analetwa kwenye karakana yetu nyuma ya hospitali. Nakizungushia kigutu chake bendeji za plasta mbichi, halafu nakikumbatia kwa viganja vyote viwili, vidole gumba chini ya pia ya goti, nausikilizia mfupa unaishia wapi mpaka plasta igande. Kutokana na umbo hilo ndipo tunapopata kikombe, yaani pale kigutu kinapoingia kwenye mguu wa bandia. Kikombe kikikosewa hata kidogo, mtu hatembei, anateseka. Baada ya hapo ni tupa na msasa kutwa nzima. Plasta inakausha ngozi, msasa unamalizia. Glavu zipo, ila katika karakana yetu hazivaliwi. Aliyetufundisha kazi alituambia glavu haisikii mfupa, na sisi tukaifanya hiyo kuwa fahari yetu. Ukishikana mkono na fundi mwenzangu Msumari utadhani umeshika gome la mti, na mwenyewe anajivunia.

Karani akanisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Pumzisha mikono, mama. Usishike plasta, usishike msasa, usifue wala usioshe vyombo. Paka mafuta. Rudi baada ya mwezi na nusu, ngozi itaota upya."

"Na ikikataa tena?"

"Ikikataa tena, ombi linafungwa."

Nikatoka pale. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Wenzangu wote walikuwa wananicheka, eti watu huenda ng'ambo wakiwa vijana, wewe unakwenda na miwani ya kusomea! Waache wacheke. Karakana yetu ilikuwa inakufa huku naiona. Plastiki ikiwepo, skrubu hakuna. Skrubu zikija, tanuri limeharibika. Nilikuwa nawaambia wagonjwa njoo mwezi ujao, njoo mwezi ujao, mpaka nikaanza kukwepa njia nikiwaona mtaani. Nikaomba kazi kwenye karakana moja huko nje, wakanihoji kwa kompyuta, wakanikubali. Viza tu ndiyo ilikuwa imebaki. Viza na vidole.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu ambaye ni mwalimu, na baba yetu. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mpaka siku lori lilipompindukia na mguu wake wa kushoto ukaondoka chini ya goti. Mguu anaovaa nimemtengenezea mimi. Siku nilipomletea, mume wangu alikuwa ameshajiondokea, tena kwa miguu yake miwili aliyopewa na Mungu. Baba akaupigapiga ule mguu mpya begani kama mtu, akasema, "Huyu sasa ndiye mkwe. Huyu hawezi kwenda popote bila mimi."

Tangu hapo mguu ukaitwa Mkwe. Mkwe amelala? Mkwe leo kanuna. Nileteeni Mkwe, nataka kutoka. Kiatu cha Mkwe kilipigwa rangi kila asubuhi kabla ya chai, na kifundo chake kilikuwa kinalia kwii, kwii, hivyo nyumba nzima tulijua baba yuko wapi. Sina mtoto. Nina miguu iliyotapakaa mji mzima, lakini huo ndio niliokuwa nausikiliza.

Basi nikapumzisha mikono. Jamani, kazi ya kutofanya kazi isikieni kwa mwenzenu! Karakanani nilikuwa nakwenda kukaa tu, napokea wagonjwa, nawaelekeza kwa Msumari, naangalia ndoo ya plasta kama mlevi aliyeapa kuacha. Nyumbani mdogo wangu alininyang'anya sufuria, sahani, hata kitunguu. Jioni baba alikuwa ananiita kitini pake.

"Lete mikono nikague."

Alikuwa anavaa miwani yake, anakigeuza kidole kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa njiani, kila mstari kwake ulikuwa barabara.

"Hapa kuna njia inaanza kufunguka. Ya vumbi bado, lakini gari ndogo inapita. Hapa kwenye gumba, daraja limekatika. Paka mafuta."

Tulicheka sana siku zile. Nikikumbuka sasa, nilikuwa nikirudi namkuta ameshakaa kitini, Mkwe mguuni, kiatu kinang'aa. Ile kwii sikuisikia tena. Nilipouliza, akaniambia mdogo wangu ametia mafuta kwenye kifundo, nami nikafurahi nikasema vizuri. Fundi mzima, nikapitwa.

Siku ya kurudi kwa karani nilikuwa nimejipa moyo mpaka moyo wenyewe umechoka. Nikaweka vinne vya kulia. Kijani. Vya kushoto. Kijani. Gumba la kushoto likakataa mara moja, nikalipulizia pumzi, likakubali. Karani akacheka, akasema, "Umeona, mama? Kumbe vilikuwa vimelala." Nilitaka kumrukia nimbusu. Viza ikatoka, na ndani ya muda mfupi nikawa nafunga begi.

Baba hakunisindikiza. "Uwanja wa ndege ni kusimama tu," alisema, "na mwisho wake unalia mbele za watu. Tuagane hapa." Alikuwa kitini pake, suruali ya pasi, Mkwe kavaliwa. Akanishika vidole, akazipapasa ncha zake kwa muda mrefu. "Nenda, mwanangu. Ukifika, kuna alama zingine za kibali cha kuishi. Usije ukashika plasta kabla ya hapo. Niahidi." Nikamwahidi.

Chumba changu cha huku kina kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta, na birika la umeme. Birika ndilo ninaloongea nalo. Msinicheke. Kwenye jengo hili watu hukutana ndani ya lifti, kila mtu anatazama namba za ghorofa zinavyobadilika kana kwamba atapewa mtihani. Siku za mwanzo nilikuwa nasalimia. Habari za asubuhi, umeamkaje, nyumbani hawajambo? Nilikuwa nimejifunza maneno hayo kwa lugha yao, na nikayapanga yote. Mzee mmoja alinijibu neno moja, akashuka ghorofa ambayo nadhani haikuwa yake. Nikaacha. Sasa nami natazama namba.

Mlango wa karakana yao unafunguka kwa kidole. Unagusa, unalia tii, unaingia. Siku ya kwanza ulipofunguka kwa kidole changu nilisimama pale kizingitini mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Ndani ni peupe na safi kuliko chumba cha upasuaji. Glavu lazima. Plasta hakuna kabisa. Mgonjwa anakaa, kamera inakizunguka kigutu chake, picha inaingia kwenye kompyuta, mimi nasukuma huku, navuta kule, halafu mashine iliyo chumba cha pili inachonga. Kazi inatoka nzuri, siwezi kusema uongo. Miguu yao inapendeza. Lakini siku nzima sijamgusa mtu, wala mtu hajanigusa. Bosi ni mama mpole, ananisifu kila Ijumaa. Wenzangu wananipa tabasamu, wanakula chakula chao wakiangalia simu, saa ikifika wanapotea. Nikiumwa kichwa, hakuna wa kuniambia pole. Nimewahi kujiambia pole mwenyewe, kwa sauti, mbele ya sinki, ili tu nilisikie hilo neno.

Kwa hiyo nilikuwa naishi kwa ajili ya Jumapili. Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikuwa nawapigia nyumbani simu ya picha. Baba anajaza kioo chote kwa uso wake, maana hakuwahi kuelewa kuwa simu haishikwi karibu na pua. Ananiuliza wanaendesha upande gani, madereva wana adabu, malori yao yana matairi mangapi. Nyuma yake naona ukuta wetu, kalenda yetu, na Mkwe kaegemea ukuta.

"Mkwe mbona hana kazi leo?"

"Joto, mwanangu. Kapumzika."

Jumapili nyingine: "Mkwe bado analala?"

"Huyu amezoea kudeka tangu uondoke."

Nilicheka. Tukaendelea na malori. Zilipita Jumapili nyingi hivyo, na bado nilikuwa nangoja wito wa kwenda kuchukuliwa alama za kibali. Bosi alinionya mapema: kabla ya kibali kutoka, usivuke mpaka kwa sababu yoyote. Ukitoka, viza imekufa, na kurudi hapa ni kuanza upya, na nafasi hii haitakungoja. Mwishowe wito ukaja. Nikamwambia baba Jumapili hiyo, kwamba ni Alhamisi, akapiga makofi. Alipopiga makofi simu ikateleza, ikasimama kwa ubavu mezani, na kamera ikabaki inamtazama Mkwe.

Nikaona kiatu.

Kilikuwa na vumbi. Sisemi vumbi la siku moja. Vumbi lililotulia, limejaza vitundu vya kamba. Kiatu ambacho baba hakuwahi kukiacha asubuhi moja bila rangi, hata siku mama alipofariki.

"Baba. Vaa Mkwe nikuone ukitembea."

"Aah, wewe nawe. Sasa hivi nimeshiba."

"Vaa nikuone."

"Mwanangu, tuongee habari za Alhamisi. Utavaa nini?"

"Mpe simu mdogo wangu."

Mdogo wangu akatokea kwenye kioo, macho chini. Nikamuuliza kuna nini. Nikamuuliza tena, kwa ile sauti ninayomuulizia tangu utotoni akivunja kitu, akaanza kulia. "Dada, baba aliniapisha," akasema. "Aliniapisha kwa kaburi la mama."

"Shusha simu. Nioneshe goti lake."

Akashusha. Baba alikuwa kitini, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini. Mwisho wa kigutu kulikuwa na kovu jipya, jeusi, ukubwa wa kizibo cha soda. Kigutu chenyewe kimesinyaa. Hivyo ndivyo inavyokuwa, kigutu hupungua na miaka, kikombe kinapwaya, mfupa unagonga chini mpaka unatoboa ngozi. Dawa yake ni kikombe kipya. Kazi ya siku chache tu, na plasta.

"Baba, nyoosha goti."

"Nimechoka."

"Nyoosha goti, baba!"

Goti halikunyooka. Lilisogea kidogo likakwama, limejikunja kama la mtu aliyekaa, ijapokuwa mdogo wangu alikuwa anamsaidia kwa mkono. Nilijua ninachokiona. Goti likikaa limekunjwa muda mrefu, mishipa ya nyuma yake inafupika, na likishakaza hivyo hakuna kikombe kitakachomsimamisha mtu. Mtu wa hivyo humtengenezei mguu. Unaita ndugu zake pembeni, unawaambia watafute kiti cha magurudumu. Mimi mwenyewe nimewaita ndugu za watu pembeni mara nyingi, na sikujua kwamba maneno yale yanauma hivi kwa anayeyasikia.

"Tangu lini?"

Baba akachukua simu. Safari hii aliishika mbali, nikamwona mzima, amekuwa mdogo pale kitini.

"Tangu ile wiki uliyoanza kupaka mafuta."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungefanya nini?"

Wote watatu tulikuwa tunajua. Jioni ileile ningekuwa nimepiga magoti mbele yake, mikono ndani ya ndoo ya plasta, viza ikasahauliwa.

"Si ungemwita Msumari?"

"Msumari mdomo wake haufungiki. Kesho yake angekuambia. Na ulipoondoka nikasema, nisubiri apate kibali kwanza. Akisikia atarudi. Ninakujua mimi, nimekulea."

Nilimfokea baba yangu. Nasema ukweli, nilimfokea kama sijalelewa. Nilimwambia ana kichwa kigumu, nikamwambia nani alimwomba, nikamwambia kumbe mimi ni mtu wa kufichwa kama mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Umemaliza? Sasa Alhamisi utavaa nini?" Nikakata simu, nikalia mpaka majirani wakagonga ukuta. Hiyo ndiyo siku ya kwanza jengo hili kunisemesha.

Jumatatu nikamtuma Msumari akamwone. Akanipigia baadaye, yeye mwenye mdomo usiofungika, akawa anatafuta maneno. "Tumechelewa, dada," akasema. "Mwambie mdogo wako amwekee mfuko wa mchanga juu ya goti asubuhi na jioni, linyooshwe pole pole. Labda. Ungekuwepo wewe na mikono yako ningesema labda kubwa. Mimi nasema labda tu."

Ungekuwepo. Neno hilo nilitembea nalo siku zote zile, kazini, kwenye lifti, kitandani. Nikitoka kabla ya Alhamisi, baba atakuwa amekaa bure kitini miezi yote ile. Nikibaki mpaka kibali kitoke, na baada ya hapo ningoje likizo, goti litakuwa mti. Nilikuwa nafungua begi, nalifunga, nalifungua. Birika likanisikiliza. Halikuwa na ushauri.

Alhamisi nikaenda. Ofisi yenyewe ilikuwa na viti vya plastiki na watu kutoka kila pembe ya dunia, kila mmoja kashika faili lake, hakuna anayeongea. Namba yangu ikaitwa. Ofisa alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akanionesha kioo cha mashine, kilekile, wametengenezewa na mtu mmoja nadhani.

Nikaomba iwake nyekundu. Niliomba kwa moyo wangu wote, nimefumba macho. Nilisema, Mungu wangu, ikatae. Ikikataa, si mimi niliyeamua. Nitapanda ndege, nitaingia kwenye lango la nyumbani, nitavua viatu, nitapiga magoti mbele ya kile kiti.

Vinne vya kulia. Kijani.

Vinne vya kushoto. Kijani.

Vidole gumba vyote viwili pamoja, mara moja, bila hata kupuliza. Kijani.

Kijana akatazama kioo chake, akaridhika. Akaniambia kwa lugha yao, pole pole ili nielewe, "Vidole vizuri sana. Watu wa umri wako kwa kawaida wanatusumbua. Vyako viko safi kama vya mtoto." Akasubiri nitabasamu. Nikamshukuru. Nilipokuwa naondoka alinitakia siku njema, na nadhani alimaanisha.

Nje kulikuwa na benchi. Nikakaa, nikapiga simu. Haikuwa Jumapili, baba akaipokea kabla haijalia mara ya pili, pua yake imejaza kioo.

"Imesoma?"

"Imesoma, baba."

"Vyote?"

"Vyote."

"Imesoma!" akapiga kelele, akimwita mdogo wangu, majirani, na yeyote aliyekuwa na masikio. "Vyote! Mara moja! Nilisema mimi!" Alicheka mpaka akakohoa. Simu ikamshuka mkononi, nikaona mfuko wa mchanga juu ya goti lake, na nyuma yake Mkwe kaegemea ukuta. Kiatu kilikuwa kimepigwa rangi. Bila shaka alikipiga rangi asubuhi ile kwa ajili yangu.

"Lete mikono nikague," akasema, huku anapapasa meza kutafuta miwani.

Uso wangu ulikuwa umeshaharibika, na sikutaka auone, siku ile hapana. Nikaleta vidole karibu na kamera, karibu zaidi, mpaka nikaiziba kabisa. Kwake kioo kilikuwa cheusi tititi, najua, kwa sababu kwangu kwenye ile pembe ndogo ninapojiona ilikuwa giza tupu.

Baba akavaa miwani. Akakisogelea kioo, akalitazama lile giza kwa muda mrefu, akigeuza kichwa upande huu na upande ule.

"Nazionaaa," akasema. "Naziona zote, mwanangu. Lami tupu."